Aliyeachiwa kwa Masharti Asiachwe Peke Yake

Watu wengi katika visiwa vyetu hudhani kwamba kesi ya jinai humalizika siku ile hakimu anapotamka hukumu. Mshitakiwa akifungwa, hupelekwa Chuo cha Mafunzo. Akiachiwa, hurudi kwao na jamaa zake wakamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini liko kundi moja la watu ambao kesi zao hazimaliziki siku hiyo. Hao ni wale waliopatikana na hatia, wakaonekana hawastahiki kufungwa, wakaachiwa kwa masharti maalumu na kwa muda maalumu. Wananchi wamezoea kukiita kitendo hicho "kifungo cha nje", na jina hilo limebeba ukweli zaidi kuliko wanavyodhani wanaolitumia. Mtu huyo yuko nje, lakini bado amefungwa. Kamba yake ni ndefu, ila ncha yake imo mkononi mwa mahakama.

Leo tunataka kulizungumza jambo ambalo halizungumzwi sana: nini hutokea pale mtu wa namna hiyo anapoitwa tena mahakamani kwa madai kwamba amevunja masharti yake, na nani humsaidia siku hiyo. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji asiutafute. Tunaamini kwamba mtu huyo anamhitaji mwanasheria siku ya pili kuliko alivyomhitaji siku ya kwanza, na kwamba siku hiyo ya pili ndiyo anayoachwa peke yake.

CHIMBUKO LA JAMBO HILI

Mpango wa kumwachia mkosaji chini ya uangalizi haukubuniwa na majaji wala mabunge. Ulianzishwa na fundi viatu. Katika mwaka 1841, huko Boston, Marekani, fundi mmoja aitwaye John Augustus alikuwamo mahakamani alipoletwa mlevi mmoja aliyekuwa anakwenda kufungwa. Augustus alimwomba hakimu amkabidhi mtu yule, naye angemchunga. Baada ya wiki tatu alimrejesha mahakamani akiwa amebadilika mwenendo, na hakimu akamtoza faini ya senti moja tu. Tangu hapo Augustus aliendelea kuwadhamini wakosaji kwa miaka mingi mpaka alipofariki. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria juu ya jambo hilo mwaka 1878, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1907.

Kutoka Uingereza mpango huo ulienea katika makoloni. Kenya ina sheria yake, inayojulikana kama Sura ya 64, na Tanganyika ilitungiwa yake mwaka 1947. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, hakimu anao uwezo wa kutazama umri wa mkosaji, tabia yake, uzito wa kosa na mazingira yake, kisha akamwachia kwa masharti badala ya kumfunga. Masharti yenyewe ni ya namna nyingi: kutotenda kosa jingine kwa muda uliotajwa, kuripoti kwa ofisa fulani, kutotoka nje ya wilaya bila ya ruhusa, kumlipa fidia aliyedhulumiwa, au kutokaribia mahali fulani.

Hekima ya mpango huu haina shaka. Kijana aliyeiba mkungu wa ndizi akichanganywa na majambazi sugu, hutoka akiwa mwanafunzi wao. Sisi wa Zanzibar tuna sababu ya pekee ya kuifahamu hekima hiyo, kwa kuwa tuliliacha zamani neno "jela" katika lugha ya Serikali, tukasema Chuo cha Mafunzo, na waliomo ndani yake tukawaita wanafunzi. Sheria ya mwaka 1980 iliyosimamia vyuo hivyo ilitaja elimu ya mkosaji katika jina lake lenyewe. Nchi inayosema kwamba mkosaji ni mtu wa kufunzwa haina budi kuupenda mpango unaomfunza akiwa kwao, akila jasho lake na kulea watoto wake.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Lakini mpango mzuri huharibika mahali padogo. Tuseme mvuvi wa Mkokotoni amegombana na mwenzake ufukweni, akamjeruhi, akapatikana na hatia. Hakimu, kwa kuona kwamba ni kosa lake la kwanza na kwamba wamekwishapatana, anamwachia kwa mwaka mmoja, kwa sharti la kuripoti kila wiki na kutotoka wilayani. Mvuvi anatia dole gumba, anashukuru, anatoka. Baada ya miezi minne upepo unageuka, na wenzake wanafunga safari kwenda dago. Chombo si chake, nyavu si zake, na asipokwenda hana chakula cha watoto. Anakwenda. Wiki tatu hakuripoti. Anaporejea anakuta barua ya wito kwa sheha.

Au tuseme mama mkulima wa mwani wa Jambiani, aliyeachiwa kwa sharti la kulipa fidia kidogo kidogo kila mwezi. Mwani wake umekufa kwa joto la maji, kama ulivyokufa wa wenzake. Miezi miwili hakulipa. Au kijana wa Mji Mkongwe aliyeamriwa kutofika katika mtaa fulani, na katika mtaa huo huo ndipo bibi yake anapoumwa, wala hakuna mwengine wa kumpelekea dawa.

Watu hawa watatu tumewabuni kwa ajili ya mfano, lakini msomaji yeyote wa kisiwa hiki anajua kwamba hatukuwabuni kutoka mbali. Wote wamevunja sharti, na hakuna hata mmoja wao aliyeidharau mahakama. Ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Katika kesi ya kwanza suala lilikuwa moja: ametenda au hakutenda? Katika kesi ya kuvunja masharti masuala ni matatu. Je, kweli sharti limevunjwa? Kama limevunjwa, kwa sababu gani? Na kwa sababu hiyo, inapasa kufanywa nini: kuonywa, kubadilishiwa sharti, kutozwa faini, au kurudishwa kwenye adhabu ya lile kosa la mwanzo?

Mwananchi asiye na wa kumwongoza hujibu suala la kwanza tu. Huulizwa, "Ni kweli hukuripoti?" Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo ya kutosema uongo mbele ya wakubwa, hujibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Hapo huwa amekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya neno "kweli" anayo haki ya kusema "lakini". Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuomba ruhusa kabla ya kuondoka, au kuomba sharti libadilishwe lilipomshinda, au kumwita nahodha wake athibitishe safari. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu, na kamba ya kifungo cha nje hukatikia hapo.

KIJANA MEMPA NA NENO "NDIYO"

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Katika jimbo la Washington, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Jerry Mempa alipatikana na hatia mwaka 1959 ya kuchukua gari la mtu bila ya idhini. Siku hiyo alikuwa na wakili aliyepangiwa na mahakama. Aliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Baada ya miezi kama minne aliitwa tena, kwa madai kwamba alishiriki katika wizi wa kuvunja nyumba. Safari hii hakuwa na wakili. Alifuatana na baba yake wa kambo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka wakili. Aliulizwa kama ni kweli alishiriki, akajibu kwamba ni kweli. Ofisa wa uangalizi akatoa maelezo yake, wala hakuulizwa suala hata moja na upande wa kijana. Shauri likaisha. Mempa akahukumiwa miaka kumi, pamoja na pendekezo kwamba atumikie mwaka mmoja.

Ilichukua miaka minane kwa shauri hilo kuamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwezi wa Novemba 1967 majaji walitamka kwamba kijana yule alistahiki kuwa na wakili siku ile ya pili, kwa sababu ndiyo siku ambayo adhabu yake ya kweli ilipangwa. Mwaka 1973, katika kesi ya mtu aitwaye Scarpelli, mahakama hiyo hiyo iliongeza kwamba haifai kumwondolea mtu uangalizi bila ya kumsikiliza. Kuhusu wakili haikusema apewe kila mtu. Ilisema jambo hilo litazamwe kesi kwa kesi, na khasa pale mtu anapodai kwamba hakuvunja sharti, au anapokuwa na sababu nzito ambayo ni vigumu kwake kuieleza mwenyewe.

Hatuyataji haya ili tuige kila kitokacho ng'ambo. Tunayataja kwa kuwa neno "ndiyo" la kijana Mempa ni lile lile "ni kweli, mheshimiwa" la mvuvi wetu. Unyonge wa mtu mbele ya kizimba hauna taifa.

WAKILI KATIKA HISTORIA YETU

Zanzibar ina historia yake katika suala la uwakili, na ni vyema kuikumbuka bila ya kuoneana haya. Tangu enzi za ukoloni sheria zetu zilitambua wanasheria wa daraja mbili: mawakili kamili na wale walioitwa mavakili, ambao waliruhusiwa kusimama katika mahakama za chini. Kwa hiyo wazo kwamba mtu mdogo katika mahakama ndogo anastahiki msemaji si geni hapa.

Baadaye ukaja wakati mlango huo ulipofungwa. Mahakama za Wananchi, zilizoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufanya kazi katika miaka ya 1970, hazikuruhusu mawakili. Makusudio yaliyoelezwa yalikuwa kuiondolea haki urasimu na gharama, na kuiweka karibu na watu. Lakini matokeo yake yalionekana wazi katika kesi kubwa kuliko zote. Baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa wengi walifunguliwa kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1973 na kumalizika mwaka 1974. Hawakuwa na mawakili. Mwanasheria Mkuu, Wolfgang Dourado, ndiye aliyeongoza mashitaka, na yeye huyo huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuwatetea. Baadhi ya washitakiwa hawakuwapo kizimbani hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wamezuiliwa Bara. Wako waliohukumiwa kifo. Hata mtu awe mwadilifu vipi, hawezi kushika makasia mawili yanayovuta pande mbili.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na sheria za mahakama zilizotungwa mwaka 1985 zilizifuta mahakama hizo na kuwarejesha mawakili. Kifungu cha 12 cha Katiba hiyo kimeweka usawa mbele ya sheria na haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu pamoja na haki ya kukata rufaa. Tofauti iliyoletwa na mabadiliko hayo ilionekana miaka kumi na mitano baadaye, katika kesi nyengine ya uhaini, ile ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Walikaa kizuizini tangu 1997, na mawakili wao walilipinga shitaka lenyewe kwa hoja ya sheria. Mwezi wa Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Msomaji anaweza kuupenda uamuzi huo au asiupende. Linalotuhusu hapa ni kwamba bila ya wakili hoja ile isingefika kamwe mbele ya majaji.

Lakini kesi kubwa zina macho mengi. Kesi ya kuripoti kwa sheha haina mtazamaji. Mtu aliyeshitakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupangiwa wakili hata akiwa hana senti. Mtu aliyevunja sharti katika mahakama ya wilaya, ambaye huenda akapoteza mwaka au miaka ya uhuru wake, husimama na ulimi wake tu.

MSAADA UKO WAPI

Haitakuwa insafu kusema kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 1992 marehemu Profesa Haroub Othman, mzaliwa wa visiwa hivi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake walianzisha Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ili mtu asiyeweza kumlipa wakili apate pa kuuliza. Profesa alifariki mwaka 2009, lakini kazi ya Kituo hicho haikufa naye. Kituo kimewafunza wasaidizi wa sheria kutoka majimbo ya Unguja na Pemba, watu wa kawaida wanaokaa na wananchi wenzao na kuzifahamu shida zao. Iko Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ambayo imewasaidia khasa wanawake na watoto. Kiko Chama cha Wanasheria Zanzibar.

Baraza la Wawakilishi nalo lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya mwaka 2018, iliyowatambua rasmi watoaji wa msaada huo na wasaidizi wa sheria, na kuiweka kazi hiyo chini ya uangalizi wa Serikali. Bara ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2017, na mwaka 2023 ikazinduliwa kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa upande wa watoto, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 ilisifiwa duniani hata ikapata tuzo ya dhahabu ya Future Policy Award mwaka 2015. Chini ya sheria hiyo mtoto mkosaji ana mahakama yake na ofisa wa ustawi wa jamii anayeieleza mahakama hali ya kwao. Tukiweza kumtazama mtoto pamoja na mazingira yake, kwa nini tusimtazame hivyo baba yake?

Kwa hiyo vyombo vipo. Kasoro ni kwamba chombo kipo gatini na abiria yupo ufukweni, na hakuna wa kumwonesha njia. Aliyeitwa kwa kuvunja masharti hajui kwamba msaada huo unamhusu. Anadhani kesi yake ilikwisha, na kwamba hili la sasa ni la kupokea adhabu tu.

LA KUFANYA KWA MWENYE SHIDA

Kwa hivyo tunaona ni wajibu wetu kueleza kwa ufupi lipi la kufanya kwa yule ambaye barua ya wito imemfikia.

Kwanza, asikimbie. Kutofika mahakamani huligeuza kosa dogo kuwa kubwa. Hakimu hutoa hati ya kukamatwa, na anayeletwa na polisi huonekana tofauti na aliyekuja kwa miguu yake.

Pili, aitafute karatasi ya amri ya mahakama iliyomwachia, na aisome au asomewe neno kwa neno. Mara nyengine sharti analodaiwa kulivunja halimo, au limeandikwa vyengine. Kama karatasi imepotea, karani wa mahakama iliyotoa hukumu anaweza kuombwa nakala.

Tatu, kabla ya siku ya shauri amwone msaidizi wa sheria wa jimbo lake, au aende Kituo cha Huduma za Sheria, au aulize katika ofisi ya Serikali inayosimamia msaada wa kisheria. Kama muda haukutosha, asimame mbele ya hakimu na kuomba kwa heshima shauri liahirishwe ili apate mshauri. Kuomba hivyo si ukaidi.

Nne, akusanye ushahidi wa sababu yake. Aliyekuwa hospitali achukue cheti. Aliyekwenda dago aje na nahodha. Aliyeshindwa kulipa fidia aoneshe kidogo alicholipa, na aje na kidogo kingine mkononi. Mahakama huyaamini zaidi macho kuliko masikio.

Tano, asikubali wala asikatae kwa neno moja. Kama ni kweli, aseme ni kweli na aeleze kwa nini. Anayo haki pia ya kumuuliza masuala yule aliyeleta taarifa dhidi yake. Na kama hakuridhika na uamuzi, aulize siku hiyo hiyo habari ya rufaa, kwani muda wa rufaa ni mfupi na haumngoji mtu.

La sita ndilo bora kuliko yote, nalo ni la kufanywa mapema: anayeona kwamba sharti litamshinda arudi mahakamani kabla ya kulivunja, aombe libadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

LA KUFANYA KWA WENYE MAMLAKA

Sasa tunawageukia viongozi na watendaji, kwa heshima zote.

Tunashauri, mosi, kila amri ya kumwachia mtu kwa masharti iandikwe kwa Kiswahili chepesi, asomewe mhusika kwa sauti, na nakala akabidhiwe mkononi. Sheria nyingi tulizorithi ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu hawezi kulichunga sharti asilolifahamu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Pili, mahakimu wayapime masharti kwa maisha ya watu. Kumwamuru mvuvi asitoke wilayani mwaka mzima ni kumwamuru avunje sharti au afe njaa. Kumtaka mkulima wa mwani aripoti siku za bamvua, wakati maji yametoka na kazi yote ya mwezi inamngoja pwani, ni kumtega bila ya kukusudia. Ruhusa ya msimu, ikiandikwa ndani ya amri yenyewe, haimgharimu mtu yeyote chochote.

Tatu, masheha wanapotoa taarifa kwamba mtu hakuripoti, waeleze pia sababu wanayoijua. Sheha ni jicho la Serikali katika shehia, na jicho linaloona nusu humdanganya mwenye jicho.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, hakimu anayemwita mtu kwa kuvunja masharti amwambie wazi, kabla ya kumuuliza kama ni kweli, kwamba anaweza kutafuta msaada wa kisheria, na amtajie pa kuupata. Na pale ambapo mtu anakana, au ana sababu nzito, au yumo katika hatari ya kurudishwa kwenye kifungo kirefu, apangiwe mtu wa kumsemea. Msaidizi wa sheria au wakili akikaa hata siku moja tu kwa wiki katika mahakama kama za Mwanakwerekwe na Mwera, mashauri mengi ya namna hii yangemalizika kwa haki na kwa haraka.

Tunajua watakuwapo watakaopinga. Watasema kwamba mkosaji alikwishahurumiwa mara moja, na kwamba kumpa wakili mara ya pili ni kumdekeza. Watauliza pia habari ya aliyejeruhiwa au aliyeibiwa, nani atamsemea yeye. Hoja hizi si za kudharauliwa. Aliyedhulumiwa ana haki ya kujua kwamba masharti si mchezo, na mtu anayeidhihaki mahakama kwa makusudi anastahiki kurudishwa ndani. Lakini mwanasheria hakuwekwa ili kuwalinda wakaidi. Amewekwa ili hakimu apate kumtenganisha mkaidi na mnyonge, kwani wote wawili husimama mahali pamoja na kujibu "ni kweli". Tena yule anayedai fidia hanufaiki chochote mdaiwa wake akifungwa. Aliyemo ndani halipi.

Watakuwapo pia wa kusema kwamba fedha hazipo. Sisi tunasema gharama haiepukiki, ila huhama mfuko. Mtu anayerudishwa Chuo cha Mafunzo hulishwa na kulindwa na Serikali, na watoto wake hubaki mikononi mwa jamaa na majirani. Saa moja ya msaidizi wa sheria ni rahisi kuliko mwaka mmoja wa kifungo.

Mahakama iliyomwachia mtu kwa masharti ilimpa amana. Ilimwambia kwamba inaamini atatengenea. Amana haitunzwi na upande mmoja tu. Anayepewa hana budi kuyachunga masharti yake kwa nguvu zake zote, na anayetoa hana budi kuhakikisha kwamba amana hiyo haipotei kwa sababu mtu alikuwa baharini akitafuta riziki na hakujua kusema hivyo. Sheria ya mwaka 2018 imekwishafungua mlango. Kilichobaki ni kuwaonesha wananchi ulipo, kuanzia kwenye vizingiti vya mahakama zetu.